UZI: Nusukaputi kwenye upasuaji wa valvu ya moyo iliyoingiwa na bakteria. Tuongee ukweli, hasa ndugu wa Kanda ya Ziwa

#1 Dokta_wa_Usingizi (Mwanza)

Habari za jioni wakuu.

Kila uzi wa upasuaji wa moyo unaofunguliwa humu, hofu inayojirudia ni ile ile: "akipigwa nusukaputi haamki." Kwa wagonjwa ninaotaka kuwazungumzia leo, hofu hiyo ina sababu zake na sitaki kuwadanganya. Ila imeangukia mahali pasipo pake. Dawa ya usingizi siyo inayowamaliza. Kinachowamaliza ni kuingia chumba cha upasuaji mwili ukiwa umeshaishiwa, na wengi wameishiwa kwa sababu nyumbani walikaa wakibishana kuhusu hiyo hiyo nusukaputi.

Mimi ni daktari wa usingizi na ganzi, niko hapa Mwanza, na nimewahi kushika usingizi wa upasuaji wa moyo Dar. Nimeona familia zikikataa rufaa. Wanasema "tumrudishe kwanza tukakae kikao." Naandika ili kikao hicho, kama ni lazima kiwepo, kiwe kifupi.

Ugonjwa wenyewe kwanza. Moyo una valvu nne, ndiyo milango inayozuia damu kurudi nyuma. Bakteria wakiingia kwenye damu wakakuta valvu yenye kovu, wananasa pale, wanazaliana, wanajijengea bonge linaloning'inia na kupigapiga kila moyo unapodunda. Kitaalamu tunaita endokadaitisi. Bonge linatafuna valvu mpaka inatoboka au kuchanika. Vipande vyake vinakatika na kwenda kwenye ubongo, figo, bandama au mguu. Kabla antibiotiki hazijagunduliwa, karibu kila aliyepata ugonjwa huu alikufa. Hata leo, kwenye nchi zenye kila kitu, kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 hadi 30 hawatoki hospitalini.

Huku kwetu valvu zenye makovu ziko nyingi kwa sababu ya homa ya rumatiki. Mtoto anaumwa tonsesi, hatibiwi vizuri, kinga ya mwili inageuka na kushambulia moyo wake mwenyewe. Miaka inapita kimya. Halafu binti wa sekondari kule Ukerewe au Sengerema anaanza kuhema akipanda mlima mdogo tu, watu wanasema mvivu. Siku jino bovu likiota usaha, bakteria wanapata pa kukaa.

Tiba ni antibiotiki za kwenye mshipa, kwa kawaida wiki 4 mpaka 6. Lakini karibu nusu ya wagonjwa dawa peke yake haitoshi. Valvu ikishachanika, moyo unashindwa kazi, na hakuna antibiotiki inayoshona valvu. Bakteria wakichimba jipu pembeni ya valvu, dawa hailifikii. Na bonge likiwa kubwa, milimita 10 na kuendelea, hasa kama limeshawahi kurusha kipande, kusubiri ni kungoja kiharusi. Hao ndio wanaofika mikononi mwetu.

Nitaendelea na kinachofanyika ndani. Ulizeni wakati wowote.

#2 Kaka_wa_Buzuruga

Nafuatilia. Endelea dokta.

#3 Mzee_wa_Igoma

Mwanangu, nimesoma. Lakini mimi jirani yangu hapa Igoma alifia mezani, hata kisu hakijamgusa. Alichomwa sindano ya usingizi akaenda. Sasa unaposema dawa haiui, yule aliuliwa na nini? Nauliza kwa nia njema.

#4 Dokta_wa_Usingizi

Shikamoo mzee wangu. Poleni sana kwa huyo jirani. Swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, ngoja nilijibu kwa urefu.

Ile dakika ya kulazwa usingizi ndiyo tunayoiogopa kuliko zote. Sitakuficha.

Chukua mgonjwa ambaye valvu yake ya aota (mlango wa mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo) imetobolewa na bakteria wiki iliyopita. Damu ikitoka kwenye moyo, nusu inarudi ndani. Moyo haujapata muda wa kuzoea, kwa hiyo damu inarundikana nyuma hadi mapafuni. Analetwa amekaa, hawezi kulala chali, anahema mara 35 kwa dakika, mapigo 120, vidole vya baridi. Presha ya juu 90, ya chini 35. Yuko macho, anakujibu, na mwenye kumtazama kwa haraka angesema hali siyo mbaya sana.

Kinachomweka hai ni hofu na juhudi za mwili wake: homoni za dharura zimebana mishipa na zinauchapa moyo ukimbie. Dawa nyingi za usingizi zinaondoa juhudi hizo zote kwa mpigo. Mishipa inalegea, moyo unapunguza mwendo, presha inaanguka, na presha ikianguka mishipa inayolisha moyo wenyewe inakosa damu. Moyo wenye njaa unazidi kulegea. Hapo unaweza kumpoteza mtu ndani ya dakika 2 kabla daktari mpasuaji hajashika kisu.

Kwa hiyo mzee wangu, jirani yako sijui alikuwa na tatizo gani na siwezi kumsemea. Lakini kwa mgonjwa wa namna ninayoieleza, dawa inakuta mtu anayening'inia kwenye uzi mmoja. Kazi yetu ni kuusokota uzi huo uwe kamba kabla hatujamwambia alale.

Tunafanyaje? Kwanza, hatumlazi chali. Anaanza usingizi akiwa ameketi nusu, oksijeni usoni, na anashushwa taratibu akishalala. Kabla ya dawa yoyote ya usingizi, tunamtia ganzi kidogo kwenye kifundo cha mkono na kuweka kanula (kijibomba chembamba) ndani ya ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka kwenye moyo, ili tuone presha kila pigo la moyo, siyo ile ya kufungwa mkanda kila baada ya dakika kadhaa. Noradrenalini, dawa ya kubana mishipa ili presha ipande, iko tayari kwenye pampu, imeshaunganishwa, wakati mwingine imeshaanza kuingia. Daktari mpasuaji ameshanawa na kuvaa. Mtaalamu wa mashine ya moyo na mapafu (inayofanya kazi ya viungo hivyo wakati wa kushona valvu) ameshajaza mipira yake maji na amekaa kwenye kiti.

Dawa zenyewe tunachagua zile zisizoangusha presha kwa kishindo: etomideti, au ketamini kidogo pamoja na fentanili. Propofoli, ambayo ni nzuri kwa mtu anayekwenda kutolewa kidole tumbo, hapa naipitia mbali au natoa matone.

Na kuna jambo moja ambalo vitabu vinalitaja kwa mstari mmoja tu. Kwa mgonjwa huyu damu inazunguka polepole. Sindano unayochoma mkononi inachelewa kufika kwenye ubongo. Kijana mwenye haraka anachoma, anamtazama, macho bado yamefunguka, anaongeza. Sekunde 30 baadaye dozi zote mbili zinafika pamoja. Nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi: choma, kisha weka bomba la sindano mezani, mikono nyuma, msemeshe mgonjwa. Uvumilivu huo ni dawa pia.

#5 Binti_Nansio

Shikamoo dokta. Mimi ni dada wa mgonjwa. Kaka yangu ana miaka 27, amelazwa Mwanza, wamesema valvu ya kushoto ina bonge na anatakiwa kwenda Dar. Baba anasema amalizie kwanza sindano za wiki 6, apone homa, apate nguvu, ndipo apasuliwe. Kwa akili ya kawaida baba yuko sahihi, mtu hapelekwi vitani akiwa dhaifu. Je, ni kosa kusubiri?

#6 Dokta_wa_Usingizi

Marahaba binti. Pole na mgonjwa.

Mpe baba heshima yake, anachosema kina mantiki na kwa baadhi ya wagonjwa ndicho tunachofanya. Kama moyo unafanya kazi vizuri, homa inashuka, bonge ni dogo na hakuna jipu, tunasubiri na wengine hawapasuliwi kabisa. Lakini swali la kuwauliza madaktari wake ni hili: moyo umeanza kushindwa? Kama anaamka usiku akihema, kama hawezi kulala bila mito mitatu, kama miguu imevimba, basi wiki 6 hazitampa nguvu. Kila siku inayopita figo zinachoka, ini linachoka, mapafu yanajaa maji, anakonda. Nguvu alizonazo Jumatatu hatakuwa nazo Ijumaa. Mimi wa usingizi ningempokea mara kumi akiwa na homa na figo nzima, kuliko bila homa na figo zilizokufa.

Antibiotiki haziachwi, zinaendelea hata ndani ya chumba cha upasuaji kwa ratiba ile ile, na baada ya upasuaji pia. Kwa hiyo si suala la sindano au kisu. Ni vyote viwili.

Jambo moja linalobadilisha hesabu ni ubongo. Kama kipande kimeshakwenda kichwani kikaziba mshipa bila kuvujisha damu, na anajitambua, kwa kawaida upasuaji hausogezwi. Lakini kama kuna damu imevuja ndani ya ubongo, inabidi kusubiri, mara nyingi wiki 4 au zaidi kama moyo unaruhusu, kwa sababu kwenye mashine tunatumia dawa nzito ya kuzuia damu isigande. Je, amepigwa sitiskani ya kichwa? Kama amewahi kuwa na kichwa kikali, mdomo kupinda au mkono kufa ganzi hata kwa saa moja, wasemeeni madaktari leo.

#7 CO_Katoro

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi ni tabibu kituo cha afya upande wa Geita. Homa zetu ni malaria na UTI mpaka mgonjwa aseme basi. Nifanyeje ili nisiwaharibie ninyi huko mbele?

#8 Dokta_wa_Usingizi

Mkuu, umeuliza swali ambalo ningependa kila kituo kutoka Katoro hadi Magu kiulize.

Mtu mwenye homa ya zaidi ya wiki, malaria hasi, weka mashine ya kupimia kifuani usikilize moyo. Hiyo haina gharama. Ukisikia mlio usio wa kawaida, hasa kwa kijana, au kwa yeyote aliyewahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo, simama hapo. Usimpe seftriaksoni ya siku tatu aende nyumbani. Homa itashuka, atarudi Mwaloni kuanika dagaa, na wiki mbili baadaye atarudi valvu imechanika. Tena ile dozi fupi inakuwa imeficha bakteria, damu ikioteshwa maabara haioti kitu, na sisi tunabaki tunapiga dawa kwa kubahatisha.

Kama mgonjwa hayuko taabani, mpe rufaa bila antibiotiki, achukuliwe damu ya kuotesha mara tatu kutoka sehemu tofauti za mwili, ndipo dawa zianze. Kama yuko taabani, damu itolewe haraka kisha dawa zianze hapo hapo. Na kama umeshampa kitu, andika kwenye barua ya rufaa: jina la dawa, dozi, tarehe. Barua nyingi ninazopokea zimeandikwa "amepewa antibiotiki." Ipi? Lini mara ya mwisho? Ukijaza mstari huo mmoja umefanya kazi kubwa.

Mtazame kucha, viganja, na ndani ya kope za macho. Vidoa vidogo vya damu vinasema mengi. Na mfungue mdomo uone meno.

#9 Usingizi_Bukoba

Dokta mwenzangu, hongera kwa uzi. Umezungumzia aota inayovuja. Kwa faida ya vijana wa usingizi wanaosoma, gusia mitrali (valvu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) iliyoziba, maana kwetu huku Kagera wengi wa rumatiki wana mchanganyiko: valvu imebana na inavuja, halafu bakteria wameongezeka juu. Pia eleza baada ya mashine. Mimi kilichowahi kunitoa jasho siyo kulaza, ni kumtoa mgonjwa kwenye mashine presha ikagoma kupanda.

#10 Dokta_wa_Usingizi

Karibu sana mwenzangu wa Bukoba. Hili litakuwa la kitaalamu kidogo, wasio wa fani wanivumilie.

Valvu inayovuja, iwe aota au mitrali, inataka moyo ukimbie kidogo, mapigo 80 hadi 100, na mishipa isibane sana, ili damu ipate sababu ya kwenda mbele. Ukimpunguzia mapigo mgonjwa wa aota inayovuja umempa damu muda wa kurudi nyuma, kwa hiyo yale mapigo 110 yanayokukera kwenye skrini ndiyo yanayomsaidia. Usiyaguse. Na pampu ya puto ndani ya aota kwake ni marufuku.

Mitrali iliyobana ni kinyume kabisa. Damu inapita kwenye tundu dogo, inahitaji muda. Mapigo yakipanda, mapafu yanajaa maji papo hapo. Hapo unataka moyo utulie, mapigo 60 hadi 80, mdundo uwe wa mpangilio, mishipa isilegee, na usimmwagie maji. Ketamini kwa huyu naikwepa kwa sababu inakimbiza moyo.

Mwenye vyote viwili, soma eko (picha ya ultrasound ya moyo) kwa makini uone kipi kinatawala, kisha utibu hicho. Bakteria walioongezeka juu mara nyingi wameongeza kuvuja kwa ghafla, kwa hiyo mgonjwa aliyekuwa wa kubana mwaka jana, leo anaweza kuwa wa kuvuja. Usitumie eko ya zamani.

Jipu kwenye kitako cha aota liko jirani kabisa na njia ya umeme wa moyo. Nataka ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya asubuhi hiyo hiyo, na ile ya jana pembeni yake. Nafasi ya PR, yaani muda wa umeme kutoka vyumba vya juu hadi vya chini, ikiwa inarefuka siku hadi siku, jipu linatafuna njia, na umeme unaweza kukatika wakati wowote, hata wakati wa kulaza. Mashine ya kuamsha moyo inakaa kitandani, pedi zimebandikwa kifuani kabla ya usingizi. Na kama bonge liko upande wa kulia, kwenye valvu ya trikaspidi, waya au mpira wa shingoni usisukumwe mpaka ndani ya moyo. Ishia juu. Ukiligusa bonge utalipeleka kwenye mapafu.

Heparini, ile dawa ya kuzuia damu isigande. Kawaida uniti 300 hadi 400 kwa kilo, kisha tunapima muda wa damu kuganda, tunataka uzidi sekunde 480 ndipo mashine ianze. Wagonjwa hawa wengi wanakugomea. Unatoa dozi kamili, kipimo kinarudi 320. Unaongeza, 360. Mwili uliopigana na bakteria kwa wiki kadhaa umemaliza protini ambayo heparini inaitegemea kufanya kazi. Suluhisho ni kuirudisha protini hiyo, na palipo na plazma (sehemu ya maji ya damu) tunatoa plazma. Ndiyo maana damu na plazma viwe vimeshafika kabla, siyo kutumwa mtu benki ya damu kifua kimeshafunguliwa.

Sasa kutoka kwenye mashine. Valvu mpya imekaa, moyo unapiga vizuri kwenye eko ya umio (inayopigwa kupitia njia ya chakula), lakini wastani wa presha ni 45. Mishipa imelegea mwili mzima, kwa sababu ya maambukizi na kwa sababu ya mashine yenyewe. Kosa la kawaida ni kuendelea kumwaga maji. Noradrenalini ipande, vasopresini, nayo ya kubana mishipa, iongezwe mapema na isisubiri mpaka umefika mwisho, kalsiamu na asidi ya damu virekebishwe. Ikigoma kabisa, methilini bluu, miligramu 1.5 hadi 2 kwa kilo, taratibu. Ila uliza kwanza kama anatumia dawa za sonona zinazopandisha serotonini au kama ana upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), maana huku kwetu upungufu huo upo.

Lakini kabla ya kusema "ni mishipa," hakikisha. Eko ya umio inarudishwa macho kwenye valvu mpya: inavuja pembeni? Upande wa kulia wa moyo umevimba? Kuna hewa imebaki ndani? Chumba cha kushoto kimejaa au kitupu? Naipenda eko hiyo kuliko kifaa kingine chochote kwenye chumba kile, kwa sababu inazuia mabishano. Wapasuaji wawili na mimi tunatazama picha moja.

#11 Usingizi_Bukoba

Asante sana. Hiyo ya plazma kufika mapema ningependa iandikwe ukutani.

#12 Mama_Kirumba

Dokta, mimi nina swali la mtu wa kawaida. Mnaposimamisha moyo, na mapafu hayapumui, huyo mtu yuko wapi? Na je, anaweza kuamka katikati akasikia maumivu? Hilo ndilo linaninyima usingizi, mdogo wangu anatarajia kwenda.

#13 Dokta_wa_Usingizi

Mama, shikamoo. Yuko hai, na damu yake inatembea. Inatolewa karibu na moyo kwa mpira mkubwa, inapita kwenye mashine inayoiongezea oksijeni na kuipoza kidogo, inarudishwa kwenye aota. Moyo unapumzishwa kwa maji baridi yenye potasiamu ili mpasuaji aone anachoshona. Mashine ya namna hiyo ilitumika kwa mafanikio mara ya kwanza mwaka 1953 kule Marekani, na leo ni kazi ya kila wiki Dar.

Kuhusu kuamka: dawa ya usingizi haisimami moyo unaposimama. Inaendelea kuingia kupitia mashine au kwenye mshipa, na mtu wa usingizi anakaa hapo mwanzo hadi mwisho, haendi kunywa chai. Pale palipo na kifaa cha kupima mawimbi ya ubongo tunaweka. Kwa wagonjwa dhaifu sana tunatoa dawa kwa kiasi kidogo, kwa hiyo ndio tunaowachunga zaidi kwa hilo, tunawaongezea dawa ya kufuta kumbukumbu. Mdogo wako akiwa na wasiwasi huo amwambie daktari wa usingizi usiku wa kuamkia upasuaji. Anakuja wodini kumwona. Asiogope kumuuliza.

#14 ValvuMpya_Musoma

Mimi nilipasuliwa. Valvu mbili za chuma, mitrali na aota. Nilikuwa mvuvi, nilianza na homa nikadhani malaria ya kisiwani. Nachokumbuka ni dokta wa usingizi ananiuliza watoto wangu wanasoma wapi, nikaanza kumweleza wa kwanza. Wa pili sikufika.

Kuamka ndiyo kazi, niwaambie ukweli ndugu zangu. Mpira uko kooni, huwezi kusema, mikono mizito. Nesi aliniambia "baba upo ICU, upasuaji umeisha, usivute mpira, finya mkono wangu." Kama ningekuwa nimeambiwa kabla kwamba nitaamka na mpira nisingepaniki vile. Waambieni ndugu zenu.

Sasa natumia wafarini (dawa ya kuzuia damu isigande) kila jioni, napima damu kila mwezi, siendi tena usiku ziwani.

#15 Dokta_wa_Usingizi

Kaka wa Musoma, umesema jambo ambalo sisi tunalisahau. Mgonjwa aambiwe wodini: utaamka na mpira mdomoni, hutaweza kuongea, ni kawaida, tutautoa ukishapumua vizuri mwenyewe. Kwa wagonjwa wa maambukizi mpira unaweza kukaa siku moja au zaidi, maana mapafu yalikuwa na maji na tunataka presha itulie kwanza. Ndugu wasichukulie kuwa ameshindikana.

Na wewe mwenye valvu ya chuma usisahau: ukienda kung'oa jino au kusafisha fizi, unatakiwa kumeza amoksilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla, kama huna mzio. Mwambie daktari wa meno kabla hujafungua mdomo. Valvu ya bandia ikiingiwa na bakteria, upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Na kama chanzo kilikuwa rumatiki, sindano yako ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 inaendelea. Valvu mpya haikuondolei hiyo.

#16 Mzee_wa_Igoma

Nimekuelewa mwanangu. Nitawaambia na wenzangu kijiweni. Swali la mwisho, gharama?

#17 Dokta_wa_Usingizi

Mzee wangu, bima ya afya muiangalie mapema, na asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali aliyolazwa kabla ya rufaa kuandikwa, siyo baada ya kufika Dar. Maofisa wale wanasaidia wengi.

#18 Binti_Nansio

Dokta, nimemsomea baba uzi wote kwa simu, yuko Nansio. Amekaa kimya halafu akasema "waende." Kaka anaamka usiku akihema, ile uliyosema. Wanampeleka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Tuondoke na basi au ndege? Na tubebe nini?

#19 Dokta_wa_Usingizi

Mungu awatangulie. Basi hapana. Mtu anayehema usiku hakai kwenye kiti kutoka Nyegezi mpaka Dar. Waulizeni madaktari wake usafiri wenye oksijeni na muuguzi, iwe gari la wagonjwa au ndege, wao ndio watakaosema mapafu yake yanaruhusu lipi. Sindano zake zisikatike njiani: mwambieni muuguzi aandike saa ya dozi ya mwisho na saa ya inayofuata, na dawa za safari zibebwe.

Bebeni eko kwenye CD, siyo karatasi peke yake. Majibu ya damu iliyooteshwa, hata kama yanasema haikuota kitu. ECG zote tangu alazwe, kwa tarehe. Vipimo vya figo. Orodha ya dawa zote, na hapa msifiche kitu, hata dawa ya mitishamba aliyokunywa Ukerewe. Hakuna atakayewagombeza. Kuna mitishamba inayovujisha damu na kuna inayoumiza ini, na mimi nisipojua nitakutana nayo kifua kikiwa wazi. Kama anavuta sigara au anakunywa pombe kali, aseme kiasi cha kweli.

Ndugu mlio nao Dar waende wakachangie damu siku anapofika, wasisubiri kuitwa. Kundi lolote, benki inabadilishana.

#20 Binti_Nansio

Asante sana dokta. Kaka mwenyewe anauliza kitu kimoja: ana jino limeoza huku nyuma, alitoe kabla au baada?

#21 Dokta_wa_Usingizi

Kabla, kama hali inaruhusu siku moja au mbili, na litolewe akiwa hospitalini chini ya antibiotiki, kwa ganzi ya kawaida ya mdomoni. Asilitoe mtaani. Kama moyo umemzidia, upasuaji unatangulia na jino litafuata. Mwambie alionyeshe siku ya kwanza anapolazwa Dar, asingoje kuulizwa.